Fuata Shamba, Usifuate Jina: Kuutafuta Ukoo wa Wanangu katika Parokia ya Roscommon

Katika parokia ya mashambani ya Ireland, jina la ukoo halitoshi kumtambulisha mtu. Nalianza na hilo kwa sababu karibu kila anayetafuta mababu zake huko huanza na jina: huliandika kwenye kompyuta, huletewa watu mia moja wanaolibeba, kisha humchagua yule anayekaribiana na hadithi aliyosimuliwa utotoni. Katika parokia aliyozaliwa baba mkwe wangu, iliyoko kaskazini mashariki mwa kaunti ya Roscommon, koo chache zimekaa pamoja kwa karne kadhaa, na ndani ya koo hizo kizazi baada ya kizazi kimewaita watoto Patrick, John, Thomas, Mary na Bridget. Ukifungua rejesta ya ubatizo ya mwaka mmoja tu utawakuta watoto kadhaa wa kike wenye jina moja, wa ukoo mmoja, na baba zao wote wanaitwa John. Parokia yenyewe sitaitaja, wala jina la ukoo, kwa kuwa ni mahali padogo na walio hai hawakuomba kuandikwa.

Mimi ni mzaliwa wa Kilimanjaro, nimeolewa Ireland, na watoto wangu wanalibeba jina hilo. Baba mkwe alipofariki, wifi yangu alinikabidhi bahasha iliyokuwa na picha chache, kadi za kumbukumbu za marehemu ambazo familia za Kikatoliki za huko huzichapisha kila anapofariki mtu wao, na barua moja iliyotoka Boston. Mama mkwe aliniambia kwamba nikiwa mama wa wajukuu zake nina haki ya kujua walikotoka, nami niliyapokea maneno hayo kwa uzito. Kwetu Uchagani mtu hujulikana kwa kihamba chake: shamba la migomba na kahawa alilorithi baba kutoka kwa babu, ambamo wazee wamezikwa. Ukiulizwa wewe ni nani, unajibu kwa kutaja ukoo na mahali unapokaa, wala hakuna anayeridhika na jina peke yake. Naamini malezi hayo ndiyo yaliyonifanya niulize mapema kuhusu ardhi, na ardhi ndiyo iliyonifikisha nilipofika.

Ireland imegawanywa katika vitongoji zaidi ya 60,000, vyenye mipaka na majina ya kale, na vingi havizidi ekari mia chache. Kati ya mwaka 1824 na 1846 wapima ramani wa Serikali ya Uingereza waliipima nchi nzima, wakachora kila kitongoji kwenye ramani kubwa zenye kipimo cha inchi 6 kwa maili moja, na mtaalamu wa Kigaelic, lugha ya asili ya Ireland, aitwaye John O'Donovan akazunguka kaunti kwa kaunti akiwauliza wenyeji majina ya mahali na kuyaandika. Kitongoji ndicho kilichoandikwa kwenye hati za kodi, za sensa, za vizazi na vifo, na mara nyingi kwenye rejesta za kanisa. Asiyekijua kitongoji cha mababu zake anayo kaunti tu, na kaunti ni pana mno kumtafutia mtu.

Neno parokia nalo linahitaji uangalifu, kwa kuwa ziko za aina mbili zilizolaliana bila kufuatana. Parokia za kiserikali zimetokana na mipaka ya kanisa la zama za kati, ambayo Kanisa la Kianglikana liliirithi baada ya Matengenezo, yaani Waprotestanti walipojitenga na Roma. Wakatoliki, waliobanwa na sheria kali katika karne ya 18, walijipanga upya kadiri walivyoweza, na parokia yao moja inaweza kukusanya vipande vya parokia mbili au tatu za kiserikali, hata kuvuka mpaka wa kaunti. Kwa hiyo ndoa iliyofungwa katika kanisa moja na kodi iliyolipwa na mume huyohuyo hukaa chini ya majina mawili tofauti ya parokia, ingawa nyumba ni ileile.

Wengi hukata tamaa mapema kwa sababu wameambiwa kwamba nyaraka zote za Ireland ziliungua. Kuungua ni kweli, na hasara ile bado inaniuma: tarehe 30 Juni 1922, wakati wa mapigano ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la kumbukumbu za taifa lililokuwa ndani ya uwanja wa mahakama kuu za Dublin lililipuka na kuteketea, likaondoka na hati za tangu karne ya 13. Humo zilikuwamo karatasi za sensa za mwaka 1821, 1831, 1841 na 1851, ambazo vipande vichache tu vimesalia, pamoja na rejesta nyingi za Kianglikana. Lakini sensa za 1861 na 1871 hazikuungua pale. Serikali yenyewe iliziharibu baada ya kuchukua takwimu ilizozitaka, na zile za 1881 na 1891 zilisagwa kuwa karatasi mpya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Rejesta za Wakatoliki, ambazo dola haikuzihesabu kuwa nyaraka zake, zilibaki katika nyumba za maparoko huko mashambani, na kwa sababu hiyo wakulima maskini wa Roscommon wameachiwa ushahidi ambao pengine majirani zao waliokuwa na uwezo hawanao.

Picha za rejesta hizo, nyingi zikiishia mwaka 1880, ziliwekwa bure kwenye intaneti na Maktaba ya Taifa ya Ireland mwaka 2015. Ninawashauri wote wasome picha zenyewe, wasiridhike na orodha za majina zilizonakiliwa na watu wengine, kwa kuwa mwandiko wa paroko una mambo ambayo mnakili huyaacha. Majina yameandikwa mara nyingi kwa Kilatini: Jacobus, Joannes, Brigida, Honora. Mama huandikwa kwa jina la ukoo wa baba yake, si la mumewe, na hilo ni hazina kubwa, kwani jozi ya majina mawili ya ukoo, la mume na la mke, huzitenga ndoa za akina John wote wanaofanana. Baada ya wazazi huja wasimamizi wa ubatizo, na kama paroko alikuwa mwangalifu, kitongoji humalizia mstari.

Kwa maoni yangu wasimamizi ndio sehemu iliyodharauliwa kuliko zote. Waliosimama kwenye kisima cha ubatizo walikuwa karibu kila mara ndugu wa baba, dada wa mama, au jirani wa mlango wa pili, kwa sababu mtoto alipelekwa kanisani siku chache tu baada ya kuzaliwa na hapakuwa na muda wa kumwita mtu wa mbali. Nilipoorodhesha wasimamizi wa watoto wote wa ndoa moja, kisha nikaangalia wasimamizi hao walibatiza watoto wao wapi na nani aliwasimamia, familia zilianza kujitenga zenyewe katika makundi, na kila kundi likawa na kitongoji chake. Mama mkwe alinisaidia sana hapa, kwa sababu alizijua familia zilizokuwa zikiombana usimamizi hata katika ujana wake, na kwa kiasi kikubwa zilikuwa zilezile.

Usajili wa kiserikali wa vizazi, vifo na ndoa zote ulianza tarehe 1 Januari 1864. Hapo msomaji atakutana na jambo linaloshangaza, nalo ni mtoto aliyebatizwa kabla ya tarehe ya kuzaliwa kwake. Maelezo yake ni mepesi. Aliyechelewa kumsajili mtoto kupita muda uliowekwa alitozwa faini, hivyo mzazi aliyetembea maili nyingi hadi kwa msajili aliisogeza mbele tarehe ya kuzaliwa ili fedha ibaki mfukoni. Baina ya hati hizo mbili naliamini kanisa.

Njia ya ardhi yenyewe inapita katika kazi ya Richard Griffith, aliyesimamia uthamini wa mali zote za Ireland kwa ajili ya kodi, na matokeo yake yakachapishwa kati ya mwaka 1847 na 1864. Kwa kila kitongoji limeandikwa jina la mkaaji, jina la mwenye ardhi aliyempangisha, ukubwa wa shamba na thamani ya nyumba, pamoja na namba inayoonyesha kipande hicho kwenye ramani. Pale ambapo wanaume wawili wa kitongoji kimoja waliitwa jina moja, wathamini waliwatofautisha kwa jina la baba, kwa kazi au kwa rangi ya nywele, na alama hiyo ndogo inaweza kukupa kizazi kizima cha ziada. Katika kitongoji cha mume wangu walikuwapo wawili wa namna hiyo, mmoja akitajwa kuwa mwana wa Thomas, na kwa neno hilo moja nilijua ni yupi wa kumfuata.

Kitabu kilichochapishwa huonyesha siku moja tu. Kinachofuata ni vitabu vya marekebisho, vilivyotunzwa Dublin, ambamo maofisa wa kodi waliandika kila badiliko kwa miongo mingi baada ya uthamini wa kwanza. Mkaaji alipofariki au kuhama jina lake lilikatwa kwa mstari, jina la mrithi likaandikwa juu yake, na mwaka ukawekwa pembeni, kila awamu kwa wino wa rangi yake. Nilikaa na kurasa hizo nikiufuata mstari mmoja wa shamba la ekari kumi na kitu: mjane anachukua nafasi ya mumewe, mwana wa pili anachukua nafasi ya mama yake, nyumba inaandikwa kuwa gofu, kisha inaandikwa upya kwa thamani kubwa zaidi, na hatimaye, baada ya sheria za mwanzo wa karne ya 20 zilizowawezesha wapangaji kuyanunua mashamba yao, jina la kabaila linatoweka kwenye safu ya wenye ardhi. Kwa mara ya kwanza familia hiyo inamiliki ardhi iliyoilima kwa vizazi. Sijui hati nyingine ya kiserikali iliyowahi kunigusa kiasi hicho.

Sensa za mwaka 1901 na 1911, ambazo ndizo za kwanza kusalia zikiwa kamili, zinaijaza nyumba hiyo watu. Zinataja nani alijua kusoma, nani alizungumza Kigaelic, kuta zilijengwa kwa nini, paa liliezekwa kwa nini, na madirisha ya mbele yalikuwa mangapi. Ile ya 1911 iliwauliza wanawake walioolewa watoto wangapi waliwazaa wakiwa hai na wangapi bado wanaishi. Wajane hawakutakiwa kujibu, lakini wengi walijibu, na karani akazikata namba zao kwa mstari ambao hauzuii kuzisoma. Bibi mzaa babu wa mume wangu alikuwa mmoja wao: watoto 9, walio hai 6. Ubatizo wa wote 9 nimeuona, na wale 3 sasa wameandikwa kwenye mti wa ukoo kwa majina yao, kama ilivyo haki yao.

Mwanamke huyohuyo alikuwa na miaka 54 katika sensa ya 1901 na miaka 70 katika ile ya 1911. Hakuwa peke yake. Sheria ya mwaka 1908 ilianzisha pensheni ya wazee waliofikia miaka 70, ikaanza kulipwa Januari 1909, na nchi nzima ilijaa watu waliozeeka kwa kasi kati ya sensa hizo mbili, wengine kwa haja na wengine kwa sababu hawakuwahi kuujua umri wao. Kwa kuwa waliozaliwa kabla ya 1864 hawakuwa na hati ya kuzaliwa ya serikali, waombaji waliomba sensa za 1841 na 1851 zipekuliwe ili wathibitishwe. Fomu za upekuzi huo zimehifadhiwa, na baadhi zinanukuu kaya kutoka kwenye karatasi ambazo miaka michache baadaye ziliteketea Dublin. Mtu yeyote ambaye mzee wake aliomba pensheni katika miaka hiyo azitafute fomu hizo kabla ya kukubali kwamba njia imefungwa.

Njaa Kuu ndiyo inayolifanya jambo hili kuwa zito. Watu wa Ireland walikuwa zaidi ya milioni 8 mwaka 1841 na milioni 6.5 mwaka 1851. Viazi, vilivyokuwa karibu chakula pekee cha wapangaji wadogo, viliozeshwa na ugonjwa wa ukungu kuanzia mwaka 1845. Takriban watu milioni moja walikufa, na wengine wengi kuliko hao wakaondoka. Roscommon ilipoteza karibu theluthi moja ya watu wake katika muongo huo. Mapadri wa Kikatoliki wa maeneo haya kwa kawaida hawakuweka rejesta za maziko, kwa hiyo waliokufa hawakuorodheshwa popote, na kinachoonekana ni ubatizo unaopungua. Ukurasa uliokuwa ukijaa kwa mwezi mmoja unachukua msimu mzima, ndoa zinakoma kwa miezi mingi, na mwandiko wa paroko unabadilika kwa sababu pengine naye alishikwa na homa ya wagonjwa aliowapaka mafuta.

Walioandikwa majina ni wale ambao kuondoka kwao kulilipiwa na mtu. Kutoka Strokestown, shamba kubwa la kabaila la hapohapo Roscommon lililokuwa chini ya Meja Denis Mahon, wapangaji 1,490 walipelekwa Kanada mwaka 1847. Walitembea kufuata mfereji hadi Dublin, wakavuka hadi Liverpool na kupanda meli za Quebec, na wengi walikufa baharini au kwenye karantini ya Grosse Île, kisiwa kilicho karibu na Quebec. Mahon mwenyewe aliuawa kwa risasi Novemba mwaka huohuo. Si mbali na hapo, katika kitongoji cha Ballykilcline ambacho mmiliki wake alikuwa Taji la Uingereza, wapangaji walikuwa wamegoma kulipa kodi kwa miaka mingi, wakafukuzwa wote, na kati ya 1847 na 1848 Serikali ikawalipia nauli ya kwenda New York. Kwa kuwa fedha ilitoka hazina, orodha za majina zilitunzwa, na wazao wao wa Marekani leo wanajua wametoka mlango upi. Familia iliyofungasha usiku ikaondoka kwa miguu yake haina orodha. Hati hizi zilitengenezwa kwa ajili ya kodi, nauli na mali, na watu walikumbukwa kwa kadiri walivyougusa mfuko wa mwingine. Ni jambo la kuhuzunisha, lakini mtafutaji akilielewa atajua pa kupeleka macho yake.

Kuhusu ziara ya parokiani nitasema machache, kwa sababu adabu ya huko haina tofauti kubwa na ya kwetu. Usifike mlangoni kwa mtu na maswali ya urithi, kwa maana ukianza na mipaka ya shamba utadhaniwa umekuja kudai. Pokea chai kwanza, eleza wewe ni mkwe wa nani, kisha ungoje. Jirani mmoja mwenye umri mkubwa alinipeleka kwenye gofu ambalo nilikuwa nalijua kwa namba ya ramani tu, akanitajia majina ya makonde yote yaliyolizunguka, ambayo hayamo katika ramani yoyote. Moja lilikuwa limeandikwa na mtoto wa shule mwaka 1938, katika mkusanyo ule ambao wanafunzi wa shule za msingi za Ireland waliombwa kuwauliza wazee wao na kuandika walichosimuliwa. Mkusanyo huo uko wazi kwa wote kwenye intaneti, na hupangwa kwa shule, jambo linalomrahisishia anayekijua kitongoji chake.

Ofisini kwa paroko nilioneshwa rejesta iliyoanza mwaka 1880, ambayo haipo kwenye picha za Maktaba ya Taifa. Pembeni mwa majina kadhaa pameandikwa ndoa zilizofungwa Boston, Brooklyn na Chicago. Amri ya Vatikani iliyoanza kutumika mwaka 1908 ilitaka kila ndoa ijulishwe parokia ya ubatizo, na kwa njia hiyo wahamiaji waliotoweka kwenye nyaraka za Ireland wanarejea kwa mstari mmoja wa pembeni wenye jina la kanisa, la mwenzi na tarehe. Bridget mmoja, dada wa babu wa mume wangu, alifunga ndoa Boston, na barua iliyokuwa katika bahasha ya wifi yangu ilisainiwa na mwanamke aitwaye Delia, jina ambalo akina Bridget wengi walilichukua walipofika Marekani. Tarehe na kanisa vinakubaliana. Nami nilipofunga ndoa hapa, paroko alituma taarifa Kilimanjaro, na pembeni mwa jina langu katika rejesta ya parokia yetu ya nyumbani pameandikwa kanisa la Roscommon. Mwanangu au mjukuu wangu akinitafuta siku moja, atalikuta hilo kwa utaratibu uleule.

Kurudi nyuma zaidi ya miaka ya 1830 ni kazi ya namna nyingine. Vitabu vya zaka, vilivyoandikwa kati ya 1823 na 1837 ili kuwatoza wakulima wa dini zote gharama za Kanisa la Kianglikana, vinawataja wenye mashamba kitongoji kwa kitongoji, lakini havina wake, watoto wala wasiokuwa na ardhi. Katika kitongoji chetu vinataja wanaume watatu wa ukoo ule, wakiwa wapangaji kwa ubia wa shamba moja. Ndivyo watu wengi wa magharibi walivyolima wakati huo: nyumba zilijengwa pamoja kama kijiji kidogo, ardhi ikakatwa vipande vyembamba vilivyochanganywa ili kila mmoja apate rutuba na mawe kwa haki, na vipande hivyo vikagawanywa upya mara kwa mara. Baadaye makabaila waliuvunja utaratibu huo na kuchora mashamba ya mraba, na mashamba hayo ndiyo Griffith aliyoyakuta.

Kwa hiyo njia niliyoifuata inafika hapo na kubadilika, kwa kuwa shamba lilikuwa la wote watatu na haliwezi kuniambia yupi alimzaa Thomas. Nimewaandika wote kwenye mstari mmoja wa juu kabisa wa mti wa ukoo, nikaweka jina la kitongoji na mwaka, wala sikumchagua hata mmoja. Hatua inayofuata ni vitabu vya kodi vya kabaila wao, vilivyohifadhiwa Dublin pamoja na barua za wakala wake, ambavyo huenda vinaonyesha nani alilipa sehemu ya nani alipofariki mmoja wa wabia. Nimekwisha kuviomba.